Waipa Hufia Kiangazini

Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka msibani Masasi kurudi Mtwara, nimekaa siti ya mbele ya Noah ya abiria. Tuliondoka saa kumi jioni, ardhi kavu. Tulipofika Ndanda wingu lilikuwa limeshafunga, na hatujaingia Nyangao mvua ikatushukia yote kwa mpigo. Dereva akawasha waipa. Ya upande wake ikaenda, ikarudi, ikaacha ukanda mpana wa maji katikati ya kioo, kama mtu amepitisha kiganja chenye mafuta. Ya upande wangu raba ilikuwa imeng'oka kwa chini, inaning'inia, na chuma kilichobaki wazi kinakwaruza kioo. Mkwaruzo wenyewe ulikuwa wa siku nyingi. Ulishachora upinde mweupe, na ukiupitisha kidole unausikia ukucha unakwama.

Kijana akateremsha kioo cha mlango, akatoa mkono wa kulia nje na kipande cha fulana, akawa anafuta huku anaendesha. Mkono mmoja kwenye usukani, kichwa nusu nje, mvua inamwingia machoni. Magharibi ikatukuta hivyohivyo kuelekea Mtama. Kila gari lililokuja mbele yetu, taa zake zilisambaa kwenye kile kioo kilichopakwa maji mpaka hujui taa ni mbili au nne, na barabara inaishia wapi. Halafu likaja lori la makaa ya mawe, hayahaya yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini kwetu, likatumwagia tope jeusi kioo kizima.

Sekunde tatu hivi hakuna mtu ndani ya gari lile aliyeona mbele. Gari likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Fanyeni hesabu wenyewe. Ni nusu ya uwanja wa mpira, abiria tumejaa, mama mmoja ana mtoto wa miezi mgongoni, na anayetuongoza haoni kitu.

Nyuma alikuwepo bibi mmoja tuliyempakia Ndanda na mfuko wake wa kunde. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Mjukuu wangu, simamisha gari. Nyumbani hakuhami." Kijana akasimamisha. Tulikaa Mtama zaidi ya saa nzima. Alinunua sigara moja dukani, akaivunja, tumbaku akailowanisha na kuisugua kwenye kioo. Inasaidia kidogo, sikatai, maji yanateleza kwa muda. Lakini tumbaku haifuti tope la lori linalofuata.

Pale Mtama nikamuuliza, mdogo wangu, kwa nini hununui waipa? Hakunikasirikia. Alinijibu kwa upole ambao bado unaniuma: "Dada, nikinunua mimi, hesabu ya bosi, ile hela ninayompelekea kila siku, haipungui. Nikimwambia bosi, ananiambia mvua bado."

Mvua bado. Jibu hili nimelisikia kwa watu wengi mno, wengine wasomi, wengine ndugu zangu wa damu, na ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Watu wetu wanaamini waipa huharibiwa na mvua. Kwamba kama haijatumika, basi ni nzima. Kwa hali ya hewa ya kwetu ni kinyume kabisa.

Wenzetu wa Dar wana vuli na masika, waipa zao hazikai bila kazi muda mrefu kama zetu. Sisi Kusini mvua yetu ni msimu mmoja, unashika Desemba unakwenda mpaka Aprili, ukiongeza vimanyunyu vya mwanzo na vya mwisho. Kuanzia Juni mpaka Oktoba waipa imelala kwenye kioo, sehemu ileile, kwenye jua lilelile, juu ya kioo kinachounguza mkono. Jua linaikausha raba. Upepo wa chumvi kutoka Shangani na Mikindani unaipiga. Vumbi jekundu linaingia chini ya ukingo wake, na kama gari lako linapanda Newala au Tandahimba msimu wa kupuliza mikorosho, na unga wa salfa unakaa humohumo. Siku mvua ya kwanza inadondoka, raba imeshakufa zamani. Imekufa kiangazi, wakati hakuna aliyeitazama.

Na inavyofanya kazi si siri. Ule ukingo mwembamba wa raba haukai wima kwenye kioo. Unalala kidogo, unaburuta maji, na waipa ikigeuza njia ukingo nao unapinduka kulalia upande wa pili. Raba ikikauka haipinduki tena. Inarukaruka juu ya kioo, ndiyo ule mtetemo na ule mlio tunaoudharau, na badala ya kuyaondoa maji inayapaka. Mchana unaweza kuvumilia. Usiku ile ngozi ya maji inaigawa kila taa inayokuja, unaendesha ndani ya mng'aro mtupu.

Kwa hiyo wakati wa kununua waipa hapa kwetu ni Novemba, kavukavu, kabla mvua haijaamua. Na Novemba ndio mwezi ambao hela ipo mjini! Minada ya korosho inaendelea, watu wanalipwa, magari ya abiria yanajaa kwenda na kurudi. Ni mwezi huohuo naona Noah zinavalishwa kava mpya za viti, zinafungwa spika, zinabandikwa maandishi kioo cha nyuma. Sina neno na spika. Lakini jozi niliyonunua mimi mwaka huu ilinitoka shilingi 15,000. Nauli za abiria wawili watatu wa Masasi zinatosha. Mwenye gari hawezi kuniambia hana.

Ninachotaka ni hiki, na nakitaka kwa moyo wote: raba ya waipa iwe kitu cha mwenye gari, kama tairi na oili. Kwenye mapatano ya hesabu hapa kwetu vitu vikubwa ni vya bosi, na vidogovidogo, kuosha gari, balbu, pancha, ni vya dereva. Waipa imeangukia katikati, haina mwenyewe. Bosi anaiona kitu kidogo. Dereva anaona akiitoa mfukoni mwake amempunguzia mwanawe daftari, na kesho anaweza kunyang'anywa gari akapewa mwingine na waipa zake. Namuelewa. Kijana yule hakuwa mzembe, alikuwa amelowa mpaka kiunoni akijaribu kutufikisha. Aliyekaa nyumbani pakavu akisubiri hesabu ndiye mwenye deni kwetu.

Najua nitajibiwa kwamba wapo madereva wanaouza spea za bosi, ukimpa hela ya waipa anaila. Wapo. Basi nunua mwenyewe, simama hapo afunge ukiona. Ni kazi ya dakika tano. Ndugu zetu wa trafiki nao, mnapotusimamisha mwezi wa kumi na moja mkauliza mtungi wa kuzimia moto na pembetatu, tuambieni pia tuwashe waipa kwa maji.

Kufunga nilijifundisha mwenyewe kwenye kigari changu cha IST, na nimemfundisha mwanangu wa kidato cha pili. Unapima waipa ya zamani kwa futi, kila moja peke yake, kwa sababu ya dereva na ya abiria mara nyingi hazilingani. Dukani unataja inchi. Unausimamisha mkono wa waipa, unaigeuza waipa iwe kama msalaba, unabonyeza kale kaulimi ka plastiki penye ndoano na kuivuta kuelekea chini ya mkono. Inatoka. Mpya unaiingiza kwenye ndoano mpaka isikike "ta". Usipoisikia hiyo "ta", hujafunga, itaruka barabarani. Na kabla ya yote tandika taulo lililokunjwa juu ya kioo. Mkono ukiwa mtupu una springi kali, ukikuponyoka unakipiga kioo kwa chuma. Jirani yangu wa Chuno alipasua kioo kizima hivyo, akibadilisha waipa ya buku chache.

Kama fremu bado ngumu, unaweza kununua raba peke yake na kuhamisha vile vyuma viwili vyembamba vinavyoinyoosha. Ni rahisi zaidi, ila vyuma vikikaa kinyume na mkunjo wa kioo, raba haigusi katikati. Nimewahi kukosea hapo.

Acheni kupaka raba mafuta ya taa. Inalainika siku mbili, halafu inavimba na kulegea. Na msiisugue kwa msasa, mnaukata ule ukingo wenyewe. Chukua kitambaa chenye maji ya sabuni, pitisha kwenye raba taratibu mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi, kisha osha na kioo. Fanya hivyo kila wiki kiangazi chote na utaona tofauti Desemba. Tangi la maji ya waipa lijazwe. Kuwasha waipa juu ya vumbi kavu ni kukipiga kioo msasa, ndivyo ule upinde mweupe unavyozaliwa.

Zipo mvua ambazo waipa mpya nazo zinashindwa. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilikata hadi barabara ya Somanga tukakaa bila njia ya Dar, na mvua ya namna ile hata gari jipya linaegesha. Sawa. Ila mvua ya Jumamosi haikuwa Hidaya. Ilikuwa mvua ya kawaida ya mwezi wa kumi na mbili, ile ile tunayoiombea dua ili mihogo ishike.

Tulipoondoka Mtama ilikuwa imepungua. Kijana aliendesha polepole, Mnazi Mmoja, Mpapura, Msijute, na kwenye zile kona za kuteremkia Mikindani alikwenda kwa mwendo wa mtu wa miguu. Bibi alikuwa amelala, kichwa kwenye mfuko wa kunde. Saa nne na nusu usiku tukaingia stendi. Niliazima futi ya fundi cherehani, nikazipima waipa zote mbili kwa mwanga wa simu huku kijana amenishikia mwavuli, nikamwandikia inchi zake kwenye karatasi, ya kulia na ya kushoto, nikamwambia ampe bosi wake ile karatasi pamoja na hesabu ya siku hiyo. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati.