Tangazo Muhimu kwa Wakaazi Wote wa Jiji

Nani aliweka ile PDF ya kaunti kwa grupu ya ploti saa kumi na moja alfajiri? Ajitokeze tu, hatutamfanya kitu. Simu ililia nikajua ni msiba, nikaamka roho mkononi, kumbe ni "TANGAZO MUHIMU KWA WAKAAZI WOTE", herufi kubwa, emoji za spika zimepangwa mstari mzima, na faili zito mpaka likameza bando yote niliyokuwa nimejiwekea ya wiki. Nikalifungua hivyo hivyo, si nimeshalilipia. Kurasa kwa kurasa Kizungu, na Katiba ya 2010 Kifungu cha 7 inasema wazi Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi pamoja na hicho Kizungu chao. CIDP, ADP, CFSP, yaani vifupisho vya mipango na mikakati ya fedha ya kaunti, jedwali, mishale, picha ya watu wanasalimiana mikono. Mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja tu humo ndani. Lori la taka linakuja lini. Basi.

Maana lori la taka la huku kwetu lina tabia za mkwe, halisemi siku, na likija linakukuta hujavaa. Unasikia honi, unatoka mbio na leso na gunia, ukifika geti linakata kona, na yule kijana aliyening'inia nyuma anakupungia mkono.

Halafu usisahau sisi ni jiji. Tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alikuja hapa Nakuru akatukabidhi hati, tukawa wa nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, watu wakacheza, mimi pia nilicheza, sikatai. Wa kwanza kuelewa maana ya jiji alikuwa landilodi. Hata vumbi la sherehe halijatulia ameshaongeza kodi, ati "sasa mnakaa jijini". Nikamwambia mzee, haya mabati yako lakini bado ni ya manispaa. Akanijibu nikitaka za kijiji nirudi kijijini.

Tangu hapo matangazo hayaishi. Barabara itafungwa Jumatatu, tangazo linafika Jumatano na sisi tumeshakanyaga kifusi siku mbili. Maji "yatapungua", hapo nilicheka peke yangu jikoni. Leseni ya biashara lipeni mapema muepuke usumbufu, na usumbufu wenyewe ndio unatembea na rungu kwa soko.

Sasa ndani ya hiyo PDF kuna mahali wametualika tutoe maoni. Mimi hiyo ya maoni naijua, nilishaenda. Na kama hujui, kuna msimu wake. Bunge la kaunti linafaa kupata ule mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, ndio sheria ya fedha za umma ya 2012 inavyosema, kwa hivyo kati hapo mwananchi anapendwa sana, anatafutwa na gari la spika mpaka chooni. Ikifika 1 Julai mwaka mpya wa fedha umeanza, ukisalimia mtu wao hata hakujui.

Basi siku hiyo tuliambiwa saa mbili asubuhi kamili. Tukafika. Ukumbi una kufuli, mwenye ufunguo ameenda Njoro kuona shamba. Tukakaa nje kwa jua, na kabla hata ya salamu ikaanza kuzunguka ile karatasi: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Hiyo karatasi ndio mkutano, mengine yote ni mapambo. Kuna watu walitia sahihi wakaenda kazini, na kwa rekodi walishiriki kikamilifu.

Adhuhuri ufunguo ukaja, na stima ikaondoka. Projekta ikakaa hapo mezani inatutazama. Kijana mmoja wa shati jeupe, mpole, hana ubaya, nadhani alitumwa tu, akasema hakuna shida, akainua laptopu yake kwa mikono miwili akatugeuzia kioo. "Kwa hii slaidi mnaona..." Sisi, hatuoni! "...mnaona kuna ongezeko." Watu wa nyuma wakasimama, wa mbele wakaambiwa wakae, mtoto akalia, kijana akawa anazunguka na laptopu safu kwa safu ili kila mwananchi aone ongezeko lake, na kabla hajafika kwetu betri ikazima. Akafunga laptopu taratibu akasema, "Nadhani picha mmeipata."

Maswali sasa. Mama wa mandazi akauliza mtaro wa nyuma ya kiosk yake, mvua ikinyesha kidogo anapikia ndani ya ziwa. Kijana akaandika akasema, "Mama, hilo tumelichukua." Msee wa boda akauliza taa za barabarani, pale kona watu wanang'olewa simu. "Tumezichukua." Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona akasimama, huyo akisimama wewe tafuta mahali pa kuegemea, akasema Kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti lishirikishe wananchi kwa kazi zake, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka habari zipitie redio za jamii, mikutano, tovuti, njia zinazofikia watu wengi zaidi, sio gari la spika linapita mara moja likipiga na muziki juu. Watu tukapiga makofi. "Mwalimu, asante sana, tumelichukua."

Halafu kuna mzee wa ploti ya nyuma. Huyu akaanza enzi za manispaa, vile barabara zilikuwa zinafagiliwa kukiwa bado giza, akapita kwa bei ya sukari ya wakati huo, akamsifu askari fulani marehemu, akaenda mpaka kwa mama yake, sisi wote tumetulia, na mwishowe ikatoka kwamba yeye alikuja kwa sababu ng'ombe wake wa maziwa amepotea na hajui aripoti wapi. Kijana kalamu inaenda tu, hata hakuinua kichwa. "Mzee, na huyo ng'ombe pia tumemchukua."

Mzee akaruka na bakora. "Kumbe ni nyinyi!"

Wee, ukumbi ulipasuka. Ilibidi mzee wa nyumba kumi amshike kiuno, kijana ameingia nyuma ya projekta anaapa ni maoni ameyachukua, sio ng'ombe, na mzee anauliza basi kama umechukua maoni ng'ombe amechukuliwa na nani. Sijui kama walimjibu.

Kulipotulia nikasimama mimi. Nilikuwa nimevaa koti, nieleweke. Nikasema meza kuu, itifaki imezingatiwa, mimi ni mkaazi na mlipa kodi, nina swali moja fupi: lori linakuja lini? Kijana akatabasamu. "Swali zuri sana." Ukisikia swali lako ni zuri sana, kaa chini, hakuna jibu. Nikasema ndugu yangu, umechukua mtaro, umechukua taa, umechukua na ng'ombe wa mzee, tafadhali kabla hujafunga hicho kitabu chukua na taka. Nilitaka kuendelea, nilikuwa na pointi nzito za mazingira, lakini kreti za soda zikaingia kwa mlango na hakuna binadamu anashindana na soda baridi. Na zenyewe ziliisha safu mbili kabla yangu.

Sasa leo kwa hii PDF nateremka mpaka kurasa za mwisho, nakuta kiambatisho. Tarehe ya ule mkutano. "Wakaazi waliupongeza mpango na kuuunga mkono kwa kauli moja." Kauli ipi? Ya mzee na bakora? Na chini yake orodha yetu, jina langu limekosewa herufi lakini kitambulisho hawajakosea hata namba moja, simu yangu hiyo hapo, imetumwa kwa grupu ya watu mia na kitu wakiwemo wale wa mikopo, na sheria ya kulinda data ya 2019 si inatuhusu na sisi ama ni ya watu wa maofisi? Hapo jamani sikucheka. Mtu ametoka kwake, ameacha kazi ya siku, ameongea mbele ya watu mpaka jasho, anageuzwa sahihi. Heri hata wangeandika "mkaazi mmoja aliuliza lori". Mstari mmoja! Karatasi si wanayo!

Nikaandika hivyo kwa grupu. Wa kwanza kujibu akasema "Amina". Wa pili anauza sofa ya elfu kumi na mbili, haina kunguni.

Kwa hivyo taka bado iko getini, imepanda, na mbwa wanaifungua kila usiku. Kitu sijaona kikisemwa ni vile hii mambo inavunja heshima ya ploti, maana sasa tunasomana. Asubuhi kila kitu kimetandazwa, nani anakula nini, nani ameanza kutumia maziwa ya kopo, nani alisema ameacha pombe. Juzi landilodi alikuja kudai kodi akapitia hapo, akasimama juu ya mifupa ya mbuzi, mingi, ya mbavu, na ni katikati ya mwezi. Akaita keateka akamuuliza hii ni ya nyumba gani. Keateka akatazama juu, akatazama chini, akasema hajui, na kila mtu anajua ni nyumba namba nne, wana miezi miwili hawajalipa. Siku hizi hao wanatupa mifupa saa nane usiku, na wanaitupa kwa geti la ploti ya pili.