Chura wa dhahabu na msunguti havifanani

Makala niliyoisoma inadai kwamba chura wa dhahabu wa Kolombia hujitengenezea sumu mwilini kama ufanyavyo msunguti, mti wa sumu ya mishale, nami sikubaliani. Chura huyo huipata kutokana na wadudu wadogo anaowala msituni, ndiyo maana aliyezaliwa na kulelewa kifungoni huwa hana sumu. Msunguti, kinyume chake, huitengeneza wenyewe. Hata utayarishaji ni tofauti: Waembera, wenyeji wa misitu ya Kolombia, walisugua ncha ya mshale wa kupuliza kwenye mgongo wa chura aliye hai, ilhali wazee wa kwetu Kilifi, niliowashuhudia utotoni, walichemsha vipande vya mti huo kwa saa nyingi mpaka ukapatikana uji mweusi, mzito kama lami, wakati maua yake meupe yalinukia vizuri ajabu. Je, kwenu mti huu mnauitaje?