Wanaunda ndege au wanawinda pointi?

Kwenye mashindano ya Design/Build/Fly nchini Marekani, ambako wanafunzi wa vyuo husanifu, kuunda na kurusha ndege ndogo za rimoti, ndege hairuhusiwi kuruka hadi ipakiwe mzigo wake wote, kisha inyanyuliwe kwa kushikwa ncha mbili za mabawa tu. Bawa linapinda, gundi inalia, timu nzima imebana pumzi. Likivunjika, kazi ya miezi imeishia mezani.

Mashindano hayo ya AIAA, chama cha wataalamu wa anga cha Marekani, yalianza mwaka wa masomo 1996/97, na kila mwaka yanakuja na kazi mpya. Mwaka 2020 ndege zilitakiwa kubeba abiria wa mfano na kuvuta bango. Mwaka 2022, kusafirisha sindano na vifurushi vya chanjo, vyote vya mfano. Hapo ndipo wakosoaji wanaposhika. Kazi ikibadilika, ndege ya mwaka jana inaning'inizwa darini, na aliyeielewa kweli ameshahitimu. Isitoshe, mwanafunzi mjanja huisoma fomula ya pointi kabla hajafungua kitabu cha aerodinamiki, kisha huunda kitu ambacho nje ya uwanja ule hakina mteja.

Wakosoaji hao hupenda kutaja vikundi vya Akaflieg vya vyuo vikuu vya Ujerumani. Kule wanafunzi huunda ndege zisizo na injini, zenye rubani ndani, na hawakimbizani na tarehe ya shindano. Kutoka Stuttgart ilipatikana fs 24 Phönix, iliyoruka mwaka 1957, ndege ya kwanza ya aina hiyo kuundwa kwa faibaglasi. Mabawa ya mbao yalianza kupitwa na wakati tangu hapo. Fomula gani ya pointi ingewapa watu subira ya namna hiyo?

Hoja ni nzito, lakini inatetea ndege kuliko mwanafunzi. Mradi wa miaka mingi una hasara yake: unaweza kuingia chuoni ukute mbavu za bawa zimeshakatwa, na ukatoka kabla halijapakwa rangi. Mwanafunzi wa mashindano huanza na karatasi tupu na kuishia uwanjani, pengine kwenye majani akiokota vipande. Na hiyo fomula inayolaumiwa, kiwanda nacho kinayo. Huko inaitwa mahitaji ya mteja.

Ninachokilalamikia mimi ni mgawanyo wa kazi. Presha ya tarehe hufanya wawili watatu wazoefu washike kompyuta na hesabu, wageni wapige msasa hadi usiku. Ndege ikishinda, wote wanapiga picha. Ningekuwa jaji, ningemwita mmoja wa wapiga msasa nimuulize swali moja: betri hii mmeisogeza mbele sentimita mbili, kwa nini?