Kombe litembezwe tu, ila tunagombania basi la kulitembeza wakati hela iko kwenye ujenzi wa uwanja

Juni 2025 Oklahoma City Thunder walibeba ubingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wakaipiga Indiana Pacers 103-91 mechi ya saba, na siku mbili baadae mji ukafunga barabara kutembeza kombe. Huku Mtwara tunaokesha na kikapu tuko wachache, mechi zenyewe zinaanza saa tisa na nusu usiku, ila video ya paredi ilipofika kijiweni Chikongola kila mtu akawa mchambuzi, hata wale ambao kikapu wanakijulia kwenye lile goli la shuleni lenye ringi iliyopinda.

Kambi ya kwanza ikasema ule ni ufujaji. Polisi, usafi, barabara kufungwa siku ya kazi, yote hayo ni hela ya mlipa kodi inaenda kumshangilia mtu ambae tayari ni milionea. Na hoja yao sio ya kubeza, maana 2009 Lakers, timu ya Los Angeles, walipochukua kombe, bajeti ya jiji ilikuwa imekauka, watu wakapiga kelele mpaka wafadhili binafsi wakachanga kubeba sehemu ya gharama za jiji.

Halafu kuna usalama, hapa ndo mimi nanyamaza kidogo. Paredi ya ubingwa Toronto 2019 watu zaidi ya milioni walijaa, risasi zikapigwa wanne wakajeruhiwa. Denver nao walipotembeza kombe 2023, lori la zimamoto lililokuwa kwenye msafara lilimgonga askari polisi aliekuwa analinda hiyo hiyo sherehe, mguu ukakatwa. Sisi tunajua hali hii, Yanga au Simba ikichukua ubingwa angalia boda wanavyotoka Magomeni, watatu kwenye pikipiki moja, mmoja kasimama juu ya siti na bendera, helmeti hamna, honi mpaka usiku, na watoto wanakimbia pembeni ya matairi.

Kambi ya pili wao wanasema acheni roho mbaya jamani. Cleveland ilipochukua 2016 mji ulikuwa umekaa miaka 52 bila kombe lolote kubwa, mji wa viwanda ambao watu wameuhama, leo unamwambia mzee aliesubiri tangu 1964 asitoke barabarani kwa sababu ya gharama za kufagia? Hata Namungo ilipopanda ligi kuu 2019, Ruangwa ikaanza kutajwa redioni kila wiki, na mtu wa Lindi akiwa Dar alikuwa anajidai, kile kitu hukipigii hesabu. Hata Jokić, nyota wa timu ya Denver, aliposikia paredi ni Alhamisi alisema anataka kwenda nyumbani kwao, siku ilipofika akiwa jukwaani akageuka akasema hii ndo bora kuliko zote, na lugha aliyotumia siwezi kuiandika hapa.

Sasa mimi naona kambi zote mbili zinapigana sehemu ndogo. Desemba 2023, kabla hata ya ubingwa, wapiga kura wa Oklahoma City walikubali kwa asilimia 71 kodi ya senti moja kwenye kila dola ya manunuzi, miaka sita, kujenga uwanja mpya wa hiyo timu, gharama sio chini ya dola milioni 900, na wenye timu wanatoa milioni 50. Hamsini! Ni sawa na mkulima wa korosho anaegombana na mpima mizani kwa nusu kilo huku karatasi ya makato hajaisoma.

Ila wale waliopiga kura ya ndio nao sio wajinga. Timu hiyo zamani ilikuwa Seattle, ikabeba ubingwa kule 1979, wenye mamlaka wakagoma kutoa hela ya uwanja na 2008 timu ikahamishwa. Seattle walibaki na hela yao na timu hawana. Kwahiyo mwenye timu anakuja mezani ameshika silaha, na mji unajua.

Msimamo wangu, kombe litembezwe, mafuta na usafi alipe klabu, polisi walipwe na wote kwa sababu wanalinda wote. Kelele zetu tuzipeleke siku mkataba wa uwanja unapojadiliwa, ambayo kwa kawaida ni siku ya kazi, ukumbini hamna ngoma wala jezi, na viti vya wananchi viko wazi.