Mlingoti ni Taa au Si Taa?

Mimi si roboti. Nalisema hapa kwa sababu leo tangu alasiri naambiwa nithibitishe, na nimeshindwa. Fundi mzima wa milango, watoto wanne, sukari inapanda na kushuka, mbao nimekopa. Roboti gani huyo atakayekopeshwa mbambakofi?

Vipimo vya mlango wa mteja wa Watamu vimo kwenye barua pepe, na barua pepe imenifunga nje. Simu ya kwanza ilinichopoka nikipanda boti pale Mokowe, ikazama na laini yake. Hii mpya hainijui. Kidole haikitaki: miaka thelathini ya msasa imekila alama zote. Nywila nilijaribu tatu, ikaniambia ile ya tatu niliibadilisha zamani. Sasa kama unajua niliibadilisha, si ungeniambia niliweka nini?

Basi ikaniletea picha moja iliyokatwa vipande 16: chagua vyote vyenye taa za kuongozea magari.

Mtu wa Langoni, Lamu, anaulizwa taa za magari! Sisi kichochoroni hatuongozwi kwa taa. Punda akija na mawe ya matumbawe, mwenyewe hupiga kelele "nipishe!", nawe unajibandika ukutani kama tangazo la mazishi. Lakini nimefika Mombasa, taa naijua. Ilikuwa vipande viwili, hapo hapana ugomvi. Shida ni mlingoti wake, ulioshuka vipande vitatu hadi chini. Je, mlingoti nao ni taa?

Kosa langu ni kuuliza kwa sauti. Nimekaa barazani, watu wametoka kuswali, muuza kahawa ndiyo kwanza ametua dele.

Nahodha mstaafu akaazima miwani ya jirani. "Lete nione. Aa, hili jepesi. Jahazi likiuzwa, huuzwa na mlingoti wake. Hujasikia mtu akinunua jahazi, mlingoti ukabaki kwa mwenyewe. Bonyeza vyote vitano."

Maalim akakohoa. Maalim akikohoa, jua utachelewa nyumbani. "Nahodha, jahazi huuzwa. Hapa pana mtu anayenunua? Swali ni taa, na taa ni kile kiwakacho. Ukitundika kandili msumarini, msumari nao utauita kandili?"

Watu wakasema ahaa.

"Ahaa ya nini?" Nahodha akawaka. "Ng'oa huo mlingoti tuone taa itakaa wapi! Angani, kama mwezi?"

"Kukaa juu ya kitu si kuwa kitu. Wewe umekaa juu ya baraza."

Nikabonyeza vyote vitano kwa heshima ya umri. Ikakataa. Maalim hakusema neno, akaomba kahawa tu, na ile namna ya kuomba ilimuuma Nahodha kuliko maneno. Ikaja picha nyingine, nikafuata fatwa ya Maalim: viwili tu, mlingoti nikauacha. Ikakataa pia. Sasa Nahodha ndiye akaomba kahawa.

Ya tatu si taa tena. Kitu kifupi chekundu, kimesimama ukingoni mwa njia, mabega mapana, shingo hakuna. Muuza kahawa akasema mtungi wa gesi. Nahodha akasema anafanana na karani mmoja wa bandarini wa zamani. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa anapita na mkate, akatazama mara moja: "Ami, hilo bomba la zimamoto. Yako Marekani." Kwetu sisi bomba la zimamoto ni ndoo na majirani! Tulipomaliza kulijadili, muda ukawa umekwisha. Nianze upya.

Hivi kwa nini hawaulizi punda? Niwekee picha tisa, nikuchagulie punda wa mchanga, punda wa saruji na punda aliyemtoroka mwenyewe, hata macho nimefumba. Niulize ngalawa na mashua. Barua ni yangu! Vipimo ni vyangu! Mbao nimekwisha kuikopa na mwenye mbao anapita hapa kila magharibi akiniuliza hali kwa upole. Upole ule unanitia homa.

Kijana akanieleza, huku anaula ule mkate, kwamba mitihani hii ilipewa jina la CAPTCHA na wataalamu wa chuo cha Carnegie Mellon, huko Marekani. Kwanza zilikuwa herufi zilizopindwapindwa. Baadaye wakawapa watu maneno ya magazeti ya zamani ya New York Times yaliyozishinda mashine kusoma, watu wakayaandika, magazeti yakaingia kwenye kompyuta. Kumbe kibarua! Nikamuuliza ujira ni kiasi gani. Akanitazama kwa huruma, akaichukua simu, akafaulu kabla sijamaliza kikombe. Mlingoti aliufanyaje? Hakuangalia, anasema. Maalim na Nahodha hawakupenda jibu hilo, wote wawili.

Na bado. Ikasema imetuma namba ya siri kwenye laini yangu. Ile iliyozama. Na laini isipotumika muda mrefu, kampuni humpa mtu mwingine. Nikaipiga, nikijipigia mwenyewe. Akapokea mama mmoja wa Kitale.

"Ni wewe unanitumia manamba tangu mchana?"

Nikamweleza taratibu, nikamwomba anisomee.

"Wameandika usimpe mtu yeyote."

"Mama, mimi si mtu yeyote. Mimi ndiye mwenyewe."

"Matapeli wote ni wenyewe."

Sikuwa na la kujibu. Nilitaka kukata simu, akaniuliza huko Lamu nazi ni shilingi ngapi. Nikamtajia. Akashangaa, kwao imepanda mara tatu. Nami nikamuuliza mahindi. Tukazungumza mpaka salio likaanza kulia. Namtumia nazi kumi, yeye ananitumia debe la mahindi, kilichobaki ni anwani tu, maana fomu ya mizigo inadai jina la barabara na namba ya nyumba. Posta 80500 nikaijua. Penye barabara nikaandika: Langoni, nyuma ya msikiti, mlango wenye punda mweupe. Punda mwenyewe niliuza mwaka juzi, lakini watu bado wanaelekezana hivyo.