Mgeni wa Dar es Salaam Aonyeshwe Uwanja wa Wazi

Dar es Salaam hupokea kila mwaka watu wengi wanaokuja kuishi na si kutembea tu: wanafunzi kutoka Burundi na Kongo, wafanyabiashara kutoka Comoro, walimu kutoka Kenya, wahandisi kutoka Uturuki na China, pamoja na watumishi wa balozi na mashirika ya kimataifa. Wakishapata nyumba na kuizoea njia ya kwenda kazini, swali linalofuata kwa wengi wao ni mahali pa kufanyia mazoezi, na jibu wanalopewa karibu siku zote ni lile lile, kwamba waende Masaki au Oysterbay, watafute jimu au klabu yenye uzio, walipe ada, waanze. Ninapingana na jibu hilo. Klabu hizo si mbaya, lakini anayemwelekeza mgeni huko peke yake anamficha jiji lenyewe, na matokeo yake mtu anaweza kuishi hapa miaka mitatu akaondoka bila kuwahi kucheza na jirani yake.

Ni kweli kwamba ipo michezo isiyokuwa na njia nyingine. Anayetaka gofu atakwenda Gymkhana au Lugalo, na anayetaka mashua za tanga ataishia kwenye klabu ya Msasani, ambako uanachama ni lazima. Huko atapata kiwanja kizuri na huduma nzuri. Lakini wengi wanaouliza hawatafuti gofu. Wanatafuta mahali pa kukimbia, pa kucheza mpira wa miguu, kikapu au wavu, pengine pa kujifunza ngumi, na michezo hiyo karibu yote Dar es Salaam inachezwa mahali pa wazi, mbele ya macho ya watu, kwa gharama ndogo au bila gharama kabisa.

Nianze na mbio, kwa kuwa ndiyo mlango ulio rahisi kuliko yote. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, likipita juu ya bahari kwa zaidi ya kilomita moja kati ya eneo la Hospitali ya Aga Khan na Coco Beach, wakimbiaji wamepata njia yenye upepo na isiyokatishwa na makutano ya barabara. Asubuhi ya Jumamosi au Jumapili, kabla jua halijawa kali, vikundi vya jogging hupita pale vikiwa na jezi za rangi moja, mistari miwili miwili, mmoja akipiga filimbi na mwingine akianzisha wimbo unaoitikiwa na wote, huku wazito wa mwili wakisubiriwa nyuma na mtu aliyepewa kazi hiyo maalumu. Vikundi vya namna hii viko Temeke, Mbagala, Kinondoni, Tandika na kwingineko, na kujiunga navyo hakuhitaji fomu ndefu. Mtu hufika mapema mahali wanapoanzia, husalimia, humuulizia kiongozi, hukimbia nao, kisha huingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Baada ya muda atanunua jezi na kuanza kutoa mchango wa kila mwezi.

Mchango huo ndio jambo ambalo wageni wengi hawaelezwi, nao una uzito kuliko mbio zenyewe. Fedha hizo hununua maji na kulipia usafiri wa kwenda kwenye bonanza la kikundi kingine, lakini pia humfikia mwanachama aliyefiwa, aliyelazwa au aliyejifungua. Mgeni asiyekuwa na ndugu hata mmoja katika jiji la mamilioni ya watu hupata, kwa kukimbia tu, watu watakaomtafuta asipoonekana wiki mbili. Sijui jimu inayotoa huduma hiyo.

Mpira wa miguu una taratibu zake. Soka la mchangani linaonekana kama vurugu kwa anayelitazama kutoka barabarani, lakini kila kiwanja kina wenyewe na kila saa ina timu yake. Anayefika jioni na viatu vyake mkononi asiingie moja kwa moja. Akae pembeni, asalimie wakubwa kwa wadogo, aseme kwamba anaomba mazoezi, naye ataulizwa swali moja, la nafasi yake uwanjani: "Unacheza namba ngapi?" Akijibu kuwa ni sita au tisa, kila mtu ameshajua aingie wapi, na Kiswahili cha kuendelea kitakuja kadiri mpira unavyotembea. Waliokwisha kupita umri wa kukimbizana na vijana wana timu za maveterani, ambazo viwanja vya Leaders Club pale Kinondoni vimezoea kuzipokea mwisho wa juma, na huko hakimu mkuu ni heshima. Anayecheza rafu kwa mzee mwenzake hupata lawama hata kama alifunga mabao mawili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mchangani jembe hilo ni la kweli, kwani mchezaji mpya akishazoeleka ataombwa achangie mpira, abebe bibu, yaani fulana za kutofautisha timu, au asimamie mazoezi ya watoto.

Ufukweni, ratiba inapangwa na bahari. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita tatu wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, hivyo kiwanja kilichokuwepo saa nne asubuhi huenda kikawa chini ya maji saa kumi jioni. Maji yakipwa, sehemu ya mchanga iliyokuwa imefunikwa hubaki imeshindiliwa na kuwa ngumu, vijana huchomeka miti ya magoli, na mchezo huendelea mpaka mawimbi yaifikie miguu ya kipa. Mgeni anayetaka kuogelea anahitaji mambo ya kinyume, yaani maji yaliyojaa, kwa kuwa yanapopwa miamba yenye ncha hujitokeza. Muhimu zaidi awaulize wavuvi au vijana wa pale kuhusu mkondo kabla hajaingia, maana wanaoijua bahari hiyo ni wao.

Kwa kikapu ninamshauri kila mtu aende Upanga, kwenye viwanja vya Don Bosco, ambako wamelelewa wachezaji wengi na ambako michezo ya ligi ya mkoa huvuta watazamaji jioni. Kwa ngumi, mitaa kama Manzese ina mabondia na makocha wanaofundisha katika vyumba vidogo vyenye begi moja na kamba chache za kurukia, na kocha wa huko humfundisha mwanafunzi wake kwa umakini usiotegemea ukubwa wa chumba. Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi, na ninalisema hili kwa uzito. Mwanamke anayekimbia peke yake alfajiri bado hukutana na maneno na macho asiyoyataka, jambo ambalo wenyeji wanaume tunapaswa kulikemea pale pale linapotokea. Hadi tutakapolimaliza, kikundi chenye wanawake wengi au timu ya netiboli ya mtaa ni mahali pa kuanzia penye usalama.

Kinachokosekana Dar es Salaam ni taarifa. Mtanzania anayehamia London atagundua kwamba kila Jumamosi asubuhi kuna mbio za bure za kilomita tano ziitwazo parkrun, zilizoanza mwaka 2004 katika bustani ya Bushy Park, na kwamba akijiandikisha mara moja mtandaoni anaweza kukimbia katika bustani yoyote inayoziandaa. Akihamia Ujerumani atakuta karibu kila mji una klabu za michezo zilizosajiliwa, zenye anwani, ratiba na ada inayojulikana. Huko mgeni husoma, hapa kwetu lazima aulize, na asiyejua wa kumuuliza huishia kwenye uzio. Ninaupenda utaratibu wetu wa kuulizana, kwa sababu unamlazimisha mtu kusalimia, lakini haumzuii mtendaji wa kata kubandika ubao kwenye kiwanja cha wazi unaoonyesha timu zinazokitumia, siku zao na namba ya simu ya katibu. Kazi hiyo ni ya siku moja na gharama yake ni ndogo.

Jambo kubwa zaidi ni viwanja vyenyewe. Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, imepewa uenyeji wa AFCON 2027, fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na fedha nyingi zinakwenda kwenye viwanja vikubwa kama ule wa Benjamin Mkapa wenye viti elfu sitini. Ninafurahi kama kila mpenzi wa soka. Hata hivyo, hakuna mtu anayeomba mazoezi kwa Mkapa. Anaomba kwenye kiwanja cha mtaa, na viwanja hivyo vinapungua kwa sababu ya fremu za maduka na maegesho ya magari yanayosogea hatua moja kila mwaka mpaka goli moja linakosa nafasi. Jangwani, ambako vizazi vimecheza na ambako kila masika mto Msimbazi hufurika, sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde, na mipango yake ina bustani kubwa ya mjini. Wanaouandaa wahakikishe kwamba ndani ya bustani hiyo kuna viwanja vya mpira vilivyo wazi, visivyo na lango la kulipia wala walinzi wa kuwauliza vijana wa Magomeni wametumwa na nani, na kwamba timu zilizokuwa zikicheza pale zinaitwa mezani kabla michoro haijakamilika.