Vifuko vya tegu kifuani: kisu kwanza au vidonge kwanza?

Huku kwetu Mbeya mtu akikohoa miezi na eksirei ikaonyesha doa, wote tunawaza TB, na ni sawa kabisa TB ipimwe, ila kwa mfugaji wa Mbarali au Makete anayeishi na mbwa na kuwatupia maini na mapafu ya mnyama aliyechinjwa nyumbani, doa la duara lenye ukingo safi linaweza kuwa kifuko cha maji cha tegu wa mbwa. Mayai yanatoka kwenye kinyesi cha mbwa, mtu anayameza, vibuu vinasafiri na damu. Vingi vinaishia kwenye ini, vingine mapafuni, na vichache sana, kama asilimia 0.5 hadi 2, kwenye moyo.

Ubishi mkubwa uko kwenye mapafu. Wanaotetea vidonge wanauliza kwa nini umpasue mtu kifua wakati albendazole ipo, tena ndiyo ileile ya minyoo watoto wanayopewa shuleni? Wana hoja, maana vifuko vikiwa vidogo, au vingi mno kiasi kwamba havitoleki, dawa ya miezi kadhaa inasaidia kweli, na hata baada ya upasuaji hupewa ili visirudi. Lakini kifuko kikubwa cha pafu ukikianzishia dawa kabla ya kisu, ukuta unalegea na kinaweza kupasuka humohumo, mgonjwa anakohoa maji ya chumvichumvi na utando mweupe kama ule wa ndani ya ganda la yai, na mzio wake unaweza kuua. Kwa hiyo kwa kikubwa mimi niko upande wa kisu kwanza. Na kukinyonya kwa sindano kama wanavyofanya kwenye ini, kwa pafu hapana jamani.

Daktari akishafungua kifua anazungushia vitambaa vya maji ya chumvi kali ili kikimwagika vibuu vife, anakitoa, kisha anashona vitundu vinavyovujisha hewa. Kukata kipande cha pafu kiwe cha mwisho kabisa, kwa sababu pafu lililobanwa mara nyingi linatanuka tena.

Kwenye moyo sioni cha kubishania sana, ni kisu. Kikipasukia upande wa kushoto vipande vinaweza kwenda kwenye ubongo, kulia vinaenda mapafuni, na mtu anaweza kufa ghafla wakati jana alikuwa shambani. Shida ni kwamba moyo kwa kawaida unasimamishwa na mashine inasukuma damu badala yake, na kwa mtu wa huku hiyo mara nyingi ni safari ya Dar, zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo familia inasema mzee anatembea vizuri tu, tumpeleke akafie mezani? Hofu hiyo naielewa kabisa, ila kusubiri nako ni hatari.

Akiwa navyo kote kuwili, pafuni na moyoni, kupasua mfupa wa kifua katikati na kumaliza yote siku moja kunamwokolea aliyeuza ng'ombe safari ya pili, ingawa kifuko kikiwa nyuma kabisa ya pafu la kushoto hakifikiki vizuri kwa njia hiyo, inabidi operesheni mbili na moyo ndio utangulie. Ndiyo maana ndugu wa mgonjwa wa pafu waulize kabla ya siku ya upasuaji: eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti ya kuona kama na moyoni kuna kifuko, imefanyika?